Sura ya Tano: Diski Yako, Ufunguo wa Mwingine

Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa saa 24 hivi, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia wilaya ya Ngara. Eneo la Benaco likageuka mji wa mahema kabla wenyeji hawajajua wageni ni wangapi. Wapiga picha wa mashirika makubwa ya habari wakamiminika, na kwa wiki kadhaa jina la Ngara likatajwa kwenye televisheni za Ulaya na Marekani. Wahangaza na Washubi, ambao mashamba yao na visima vyao ndivyo vilivyopokea mzigo huo, picha hizo hawakuziona. Tanzania Bara ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kuwa na televisheni. ITV ilianza mwaka huohuo, huko Dar es Salaam, wakati Zanzibar walishakuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya sabini. Ngara ilikuwa nchi ya redio, na mwaka 1995 shirika la Wajesuiti linalohudumia wakimbizi likaongeza nyingine palepale wilayani, Radio Kwizera, ambayo wengi wamekua wakiisikiliza.

Kanda za mwaka 1994 zipo hadi leo. Zimetunzwa vizuri, kwenye maghala ya mashirika yaliyozipiga. Mzazi wa Benaco akitaka kumwonyesha mwanawe kijiji kilivyokuwa siku zile, hana pa kuanzia isipokuwa kutafuta kile ambacho wenye kanda wameamua kukiachia mtandaoni.

Nimeanzia mbali kidogo, najua. Sura hii ni ya dukani: ununue king'amuzi kinachorekodi, au uweke kompyuta sebuleni iunganishwe na televisheni? Wauzaji hulijibu swali hilo kwa bei na ukubwa wa diski. Mimi ningeuliza kwanza jambo moja tu: ukishaikamata picha, nani anabaki ameishika?

Tuliweke swali mahali pake. Ingia duka la vifaa vya umeme Ngara mjini, Rulenge, Biharamulo mjini au pale Nyakanazi ambapo malori ya Rwanda na Burundi yanapita usiku na mchana. Mlangoni kuna sabufa inayounguruma, ndani kuna madishi yaliyopangwa ukutani na maboksi ya ving'amuzi. Mama anaulizia kwa niaba ya nyumba nzima: "Fundi, hiki kinarekodi?" Naye anajibu bila kusita: "Kinarekodi mama, chomeka flashi tu." Jibu hilo ni la kweli, ila limeishia njiani.

Ving'amuzi vya kurekodi viko vya aina mbili. Kuna vile vyenye hadi diski ndani yake, kama Explora ya DStv, ambavyo vina tyuna zaidi ya moja, kwa hiyo unaweza kurekodi chaneli hii huku watoto wanatazama ile, ukasimamisha mchezo mpira ukiwa unachezwa, ukaenda kufunga ng'ombe, ukarudi ukaendelea pale ulipoachia. Halafu kuna ving'amuzi vya kawaida, vya bei ya watu wengi, vyenye tundu la USB ubavuni. Hivyo mara nyingi vina tyuna moja. Ukirekodi tamthilia, nyumba nzima inatazama tamthilia hiyohiyo, au chaneli chache ambazo kwa bahati zinasafiri kwenye masafa mamoja nayo. Rimoti yenyewe itakuuliza kama unataka kuacha kurekodi.

Upande wa pili kuna kompyuta. Kwa lugha ya vitabu vya teknolojia ni mashine iliyofungwa tyuna, ikajazwa diski, ikaunganishwa na televisheni kwa waya wa HDMI, na programu kama Kodi ikapanga filamu, muziki na picha za familia kwenye kioo kimoja. Kwa Ngara na Biharamulo ni laptopu iliyotumika, iliyonunuliwa Kahama au Mwanza, inayokaa juu ya kabati la televisheni.

Wazo la kompyuta ya sebuleni halikuzaliwa kwetu na lina historia ya kupanda na kushuka. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura tano dhidi ya nne, iliamua kwamba mtu kurekodi kipindi nyumbani ili akitazame baadaye si wizi. Studio za filamu zilikuwa zimeishtaki Sony kwa sababu ya mashine zake za Betamax. Mwaka 1999 ikaja TiVo, sanduku la kwanza maarufu la kurekodi kwenye diski badala ya kanda. Mafundi wa kompyuta wakaona hakuna haja ya kununua sanduku wakati wana kompyuta. Mwaka 2002 Microsoft wakatoa Windows ya sebuleni, na mwaka huohuo wapenzi wa Linux wakaanzisha MythTV. Ilionekana kompyuta itashinda. Lakini ilipofika 2015 Windows 10 ilitoka bila programu ile ya sebuleni kabisa, na watu wa kawaida hata hawakuuliza imekwenda wapi. Uwezo kompyuta ilikuwa nao. Iliachwa nje na kufuli, maana makampuni ya kulipia yaliona heri kila kitu kipite kwenye sanduku lao.

Kufuli hilo ndilo lililopo juu ya paa lako.

Mawimbi ya Azam yanatoka kwenye setilaiti iliyo nyuzi 7 mashariki, juu ya ikweta upande wa Kongo na Atlantiki. Ndiyo maana dishi lake Ngara limegeukia magharibi, kuelekea Burundi. Ya DStv yanatoka nyuzi 36 mashariki, karibu juu ya utosi wetu, na dishi lake linatazama mbinguni kama bakuli. Mawimbi hayo yanamwangukia kila mtu, aliyelipa na asiyelipa. Tofauti ni kwamba yamevurugwa, na ufunguo wa kuyapanga upya unabadilishwa kila baada ya sekunde chache. Ufunguo huo unafunguliwa na kadi au chipu iliyo ndani ya king'amuzi tu. Ukichomeka tyuna ya dishi kwenye laptopu itayapokea mawimbi vizuri kabisa, itaorodhesha hata majina ya chaneli, kisha itakuonyesha kioo cheusi. Waya wa HDMI unaotoka kwenye king'amuzi kwenda televisheni nao umefungwa, kwa hiyo huwezi kutegesha kompyuta katikati ya njia. Kinachobaki kwa tyuna ya kompyuta ni chaneli za wazi, zile ambazo mwenyewe ameamua zisifungwe.

Na chaneli za wazi si kitu cha kukitegemea sana. Wenye kumbukumbu watakumbuka mwaka 2018, Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilipotaka chaneli za bure kama ITV na Channel Ten ziondoke kwenye ving'amuzi vya kulipia, kwa hoja kwamba leseni za wenye ving'amuzi hivyo haziruhusu kuzibeba. Kisheria hoja ilikuwa na miguu. Lakini aliye karibu na mnara wa antena alinunua king'amuzi kingine. Aliye bondeni, ambako mawimbi ya mnara hayafiki, aliamka siku moja taarifa ya habari aliyoizoea haipo. Kanuni zilibadilishwa baadaye, ila tukio lile lilionyesha jambo ambalo muuzaji wa kifaa hawezi kukudhaminia: unachokiona leo kinategemea makubaliano ya watu usiowajua.

Tuseme wewe hujali, unataka tu dabi ya Kariakoo. Haki za Ligi Kuu zilisainiwa Mei 2021 kati ya Shirikisho la Soka (TFF) na Azam Media, miaka 10, shilingi bilioni 225.6. Fedha hiyo lazima irudi kupitia vifurushi, na kifurushi bila kufuli ni sadaka. Sina ugomvi na hilo. Klabu zetu zinaishi kwa fedha hizo. Ila lielewe kabla hujatoa pesa yako, kwa sababu kufuli haliishii kwenye mawimbi. Kwenye ving'amuzi vingi vya kulipia, hata ulichokirekodi kwa flashi yako mwenyewe, uliyoinunua kwa jasho lako, kinaandikwa kwa siri inayojulikana na kile king'amuzi kimoja tu. Ichomoe, ichomeke kwenye laptopu: faili lipo, ukubwa wake unaonekana, halifunguki. Ipeleke kwa jirani mwenye king'amuzi cha aina ileile: halifunguki. Radi ikipiga, king'amuzi kikafa, fundi akakuletea kipya, zile saa zote za Huba na Jua Kali ulizomwekea binti yako aliye bweni zimekufa na kile cha zamani. Na vipo ambavyo kifurushi kikiisha, mlango wa ulivyorekodi nao unajifunga mpaka ulipie.

Kwa hiyo king'amuzi kinachorekodi hakikupi nakala. Kinakupa ruhusa ya kuchelewa kutazama. Kwa mtu anayerudi kutoka shamba la migomba au mnadani saa mbili na nusu usiku, kuchelewa ni kitu cha thamani, na sikibezi.

Sasa tuje kwenye umeme, ambako mahesabu ya duka huvunjika.

Kwa miaka mingi Ngara na Biharamulo hazikuwa kwenye gridi ya taifa. Miji hiyo miwili ilitegemea jenereta za dizeli za TANESCO, baadhi yake zikifungwa kwa msaada wa Uholanzi katika mradi mmoja na Mpanda. Leo hali ni nyingine: kuna kituo kikubwa cha kupoza umeme Nyakanazi, na kule Rusumo, pale wakimbizi walipovuka, mto Kagera unazungusha mitambo ya megawati 80 ambazo Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana. Umeme upo kuliko ulivyokuwa. Kukatika unakatika bado, na bei yake ina ngazi ambayo mnunuzi wa kompyuta ya mezani anapaswa kuijua.

Nyumba ndogo iliyo kwenye daraja la D1 inalipa shilingi 100 kwa yuniti, mradi isizidi yuniti 75 kwa mwezi. Ikizidi, kila yuniti ya ziada ni 350. Bei hizo ni za kabla ya kodi na tozo. Chukua kompyuta ya mezani ya kawaida, wati 100. Ili irekodi wakati haupo lazima iwe macho muda wote, ikiisubiri saa ya kipindi. Wati 100 kwa saa 24 kwa siku 30 ni yuniti 72. Yaani mashine moja imekula karibu haki yote ya nyumba, zimebaki yuniti 3 za taa, pasi, simu na jokofu kama lipo. Nyumba iliyokuwa inatumia yuniti 40 kwa shilingi 4,000 itafika 112, na hesabu yake itakuwa 7,500 kwa zile 75 za kwanza na 12,950 kwa zilizozidi: 20,450. Ikiendelea hivyo mwezi baada ya mwezi inaondolewa kabisa kwenye D1. King'amuzi chenye diski, kwa wati 20 kikiwa macho mwezi mzima, kinatumia yuniti 14 na kitu. Laptopu ya wati 30 inayowashwa kwa muda wa saa nne kila jioni inatumia chini ya yuniti 4.

Kompyuta inaweza kulazwa na kuamshwa na saa yake, mtaalamu atasema. Ni kweli. Nimeona pia zinazolala zisiamke.

Walio nje ya nguzo, vijijini kwenye sola, hesabu yao ni kali zaidi. Betri ya asidi ya volti 12 na Ah 100, ukiitumia nusu ili isife mapema, inakupa kama Wh 600. King'amuzi cha wati 15 na televisheni ndogo ya sola ya wati 25 vyote vinakubali volti 12 moja kwa moja, na vitakwenda saa 15. Kompyuta ya mezani na kioo chake havikubali. Vinataka inveta, nayo inakula chake njiani, na betri ileile itakufikisha saa 4 kwa shida. Huko sina maneno mengi: kompyuta ya mezani isahau.

Kuna jambo ambalo sijaliona likiandikwa kwenye maboksi haya, na kwetu lina uzito kuliko ukubwa wa diski. Kurekodi ukiwa haupo maana yake ni kuacha kifaa kimechomekwa ukiwa haupo. Nani Ngara anafanya hivyo msimu wa mvua? Wingu likitanda upande wa Burundi, kazi ya kwanza ya mwenye nyumba ni kuchomoa: televisheni, king'amuzi, na waya wa dishi kwenye king'amuzi, maana radi hupenda kuingilia huko. Familia ikienda shamba asubuhi inaacha kila kitu kimechomolewa. Kipindi ulichokipanga Jumatatu kwamba kirekodiwe Alhamisi kinasubiri umeme, kinasubiri LUKU isiishe, kinasubiri anga litulie, na kinasubiri mtoto asichomoe king'amuzi ili achaji simu. Ahadi kubwa ya mashine hizi imetungwa kwa nyumba ambayo soketi zake haziguswi.

Umeme ukikatika katikati ya kurekodi, kinachookoka kinategemea aina ya faili. Mawimbi ya televisheni ya kidijitali yanasafiri kwa vipande vidogo vya baiti 188, kila kimoja kikijitambulisha, na mashine inayovihifadhi kama vilivyo, faili la ts, inakuachia kila kilichoandikwa hadi dakika ya giza. Faili la mp4 kwa kawaida huandika orodha ya yaliyomo mwishoni. Likikatwa kabla ya kuiandika, saa nzima ya picha inaweza kugoma kufunguka. Ukiwa na uchaguzi kwenye menyu, chagua ts. Litakuwa kubwa zaidi kidogo, liache liwe kubwa.

Na ukubwa una mtego wake. Flashi nyingi zinatoka dukani zikiwa zimepangwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani usiokubali faili moja kuzidi gigabaiti 4. Mchezo wa HD unaokuja kwa megabiti 6 kwa sekunde, kwa saa mbili pamoja na mapumziko, ni gigabaiti 5.4. Ving'amuzi vyenye akili huukata vipande. Visivyo na akili husimama kimya kipindi cha pili kikiwa kinaendelea, nawe unagundua usiku, bao likiwa halipo. Picha ya kawaida isiyo HD, kwa megabiti 3 hivi, inachukua chini ya gigabaiti 1.5 kwa saa. Kwa televisheni ya inchi 24 inatosha, nasema mimi, ingawa vijana hawatakubali.

Mvua nayo hurekodiwa. Masafa haya ya dishi hudhoofishwa na matone makubwa, na milima ya Ngara haina uhaba wa mvua hizo. Unapotazama moja kwa moja unavumilia dakika tano za picha kuvunjikavunjika. Ukirekodi, dakika hizo zinabaki humo milele, kwa kawaida juu ya penalti. Dishi kubwa kidogo kuliko unaloambiwa linatosha, na bolti zilizokazwa, husaidia kuliko kununua king'amuzi ghali.

Wakazi wa Kabanga na Rusumo wana adha ya ziada. Rwanda na Burundi ziko saa moja nyuma yetu, na simu iliyo mpakani hunasa mnara wa ng'ambo ikajirudisha nyuma bila kuuliza. Anayepanga kurekodi kwa saa ya simu hiyo ataanza dakika 60 baada ya kipindi kuanza. Laptopu inayochukua saa kutoka mtandao wa simu inaweza kuangukia shimo hilohilo. Iwekee saa za Afrika Mashariki kwa mkono na uzime kujibadilisha. Na kumbuka taarifa ya habari ya saa mbili usiku kwenye mashine ni 20:00.

Mpaka hapa king'amuzi kinaonekana kushinda: kinafungua kufuli, kinakula umeme kidogo, hakihitaji inveta. Kama shida yako ni kutokosa mechi tu, chukua chenye USB, tia flashi ya gigabaiti 64, funga kitabu. Chenye diski ndani ningemshauri mwenye nyumba ya wageni au mtu mwenye familia kubwa na kifurushi kisichokatika. Kwa mwingine ni kulipia tyuna ya pili ambayo umeme utaizima.

Lakini angalia watu wanachokitunza kweli. Harusi ya Rulenge iliyopigwa na kijana wa kamera. Kipaimara. Mazishi ya babu, hotuba nzima. Ngoma ya Wahangaza kwenye sherehe ya shule. Vipindi vya masomo ambavyo mwalimu amevipakua Mwanza kwenye intaneti ya kasi akavileta kwenye diski. Na, tusijifanye hatuoni, filamu: za Bongo, za Kihindi, na zile za kigeni zilizotiwa sauti ya Kiswahili juu yake, kazi ambayo kwetu ilijulikana kupitia marehemu Lufufu, na ambayo Kampala ina ma-VJ wake, na Kenya ina DJ Afro. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachokuja kwa kufuli la setilaiti. Vinakuja kwa flashi, mkono kwa mkono, kutoka maktaba ya video ya mtaani iliyo na kompyuta moja na foleni ya wateja. King'amuzi kinaweza kuvisoma baadhi, kikikutana na faili la aina nyingine kinaandika "haliwezekani" na kukuangalia. Laptopu yenye programu ya VLC inafungua karibu kila kitu.

Hapo sheria ina neno. Filamu za watu zina wenyewe, na COSOTA, inayosimamia hakimiliki, ipo chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 1999. Kutazama nyumbani na familia ni jambo moja. Kuunganisha laptopu ileile na spika, ukatoza kiingilio kwenye banda, ni biashara inayohitaji ruhusa ya wenye kazi na kibali cha Bodi ya Filamu. Mabanda mengi yanaijua sheria hiyo kwa sura tu.

Kompyuta inakupa umiliki, na mmiliki ana uwezo wa kufuta. Mfano wake ninaoujua vizuri uko Kampala. Isaac Nabwana wa Wakaliga, anayeunganisha kompyuta zake kwa vipuri vya zamani, alimaliza filamu ya Who Killed Captain Alex? mwaka 2010. Nafasi ya diski ikamwishia, filamu nyingine inasubiri, akafuta mafaili ya ile ya kwanza. Baadaye dunia nzima ikaitaka. Ya asili haipo tena. Inayotazamwa ni nakala iliyobaki yenye VJ Emmie akichekesha juu yake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wapo wanaosema imekuwa nzuri zaidi hivyo, nami nipo kwenye kundi hilo, ila Nabwana hakuulizwa na kompyuta kama ana uhakika kwa namna ya kumfanya asite.

Ushauri wangu kwa nyumba ya kawaida ya wilaya hizi mbili ni kuachana na swali la muuzaji. Usitafute mashine moja ifanye yote. Chukua king'amuzi cha kawaida cha USB kwa ajili ya mpira na tamthilia, ukijua humo hakuna chako. Fedha ambayo ungeongeza ili upate chenye diski, iweke kwenye laptopu iliyotumika. Naitaka laptopu kuliko kompyuta ya mezani kwa sababu ina betri yake: umeme ukikatika faili linalonakiliwa halikatiki, na hiyo ndiyo tofauti kati ya diski inayodumu na inayoharibika. Kwa hiyo usinunue kabla hujaichomoa chajaa palepale dukani na kucheza filamu nusu saa. Muuzaji akikwambia betri inahitaji kuzoea, mshukuru, toka. Tazama kama tundu la HDMI linafanya kazi kwa kulichomeka kwenye televisheni ya dukani, si kwa kulitazama. Diski ya SSD, hata ya gigabaiti 256, ni bora kuliko diski ya kuzunguka yenye ukubwa mara mbili, maana haina kichwa cha kugonga sahani umeme ukiyumba au laptopu ikiangushwa na mbuzi wa kamba. Vumbi jekundu la barabarani litaziba feni. Ipulize kila kiangazi.

Halafu nunua diski mbili za nje, ndogo, zipangwe kwa exFAT ili mafaili makubwa yaingie. Majina ya mafaili yaanze na mwaka, mwezi, siku, kisha mahali: hutakumbuka baada ya miaka kumi ni kipaimara cha nani. Moja ikae na laptopu. Ya pili ikae nyumba nyingine kabisa, kwa shangazi Biharamulo kama wewe uko Ngara, ndani ya kopo lenye mfuniko, na kila anayesafiri Krismasi aibebe, iongezwe mapya ya mwaka, irudi nayo Januari.